Uji Si Chakula

Mama alitakiwa apimwe sukari akiwa hajala tangu jioni. Kipimo cha kijijini kilishaonyesha iko juu, na hospitalini Bomani walitaka aende na tumbo tupu ndipo waamue habari ya dawa. Baba aliondoka na ugonjwa huohuo, kwa hiyo niliogopa sana. Mama mwenyewe wala hakujali.

Safari ya kwanza nesi akamuuliza, "Shikamoo mama. Umekula?"

"Marahaba. Sijala kabisa."

Kumbe alikuwa amekunywa mabakuli mawili ya uji wa ulezi kabla hatujapanda bodaboda. Alipobanwa alishangaa kwa dhati: uji si chakula. Kwetu ambaye hajashika ugali hajala, na ukibisha utaulizwa ulilelewa na nani. Tukarudishwa.

Safari ya pili ilikuwa viazi vitamu, kwa dada yake, tulipopita kusalimia tu.

"Ningekataaje kwa watu? Nimeonja."

Alionja vitano. Tukarudishwa tena, nami nikanuna njia nzima hadi nyumbani Nyamongo. Yeye aliimba mapambio.

Safari ya tatu aliingia ameshika ukuta. Alikuwa hajala siku mbili, eti kufidia zile mara mbili alizokosea. Nesi alimfokea kama mtoto, kisha akamtoboa kidole. Sukari ilikuwa juu vilevile.

"Mashine yenu mbovu," mama alisema. "Hiyo sukari nimeitoa wapi?"

Nesi akavuta kiti. Alieleza kwamba ukila, mwili unatumia chakula hicho na ini linaweka akiba ya sukari. Usipokula, ini linafungua ghala. Ghala likipungua, mwili unachoma mafuta yake, na njaa ikizidi unakula hata nyama ya misuli.

"Ila ini lako, mama, halina breki. Damu imeshashiba, lenyewe linapakua tu."

Mama alikitazama kidole chake kilichotobolewa. Sikuwahi kumwona mpole hivyo tangu tumzike baba.

"Basi hilo ni ini langu kweli," alisema mwishowe. "Haliwezi kumwacha mtu na njaa."

Nilicheka mpaka nesi akanitazama vibaya. Machozi yalikuwa yanatoka, na hayakuwa ya kicheko.

Siku hizi kila asubuhi mama anameza kidonge cha kulituliza ini. Halafu ananisukumia bakuli la uji. Nikimwambia nimeshakula, anauliza nimekula nini. Nikisema uji, ananiongezea.