Mboga Kavu za Mzazi

Kazi yangu ni kuwaambia watu vitu vyao vinaitwaje huko viendako. Nimepanga chumba juu ya duka la nguo hapa Nyeri mjini, upande wa kuteremkia Majengo, na humo nina meza, mizani, na kitabu kinene cha forodha kilichoipa kila bidhaa ya dunia namba yake. Mtu wa Murang'a akija na maparachichi, nampa namba ya maparachichi. Mtu wa Doldol akija na ngozi za mbuzi, nampa namba ya ngozi, pamoja na ushauri wa kuzikausha zaidi. Kwa miaka mingi niliamini hakuna kinachoota wala kufugwa pande hizi kinachoweza kunishinda. Kisha mama yangu akaniletea mboga.

Dada yangu mdogo alikuwa amejifungua mtoto wake wa kwanza ng'ambo, na maziwa yalikuwa hayatoki. Alipiga simu akilia, mtoto naye akilia, na mama akawasikiliza wote wawili bila uwezo wa kuwashika. Huko walikuwa wamemshauri anywe maji mengi.

"Ati maji," mama aliniambia. "Kwani huyo ni mti?"

Kwetu mwanamke aliyejifungua hulishwa njahi, zile mbegu nyeusi zenye mstari mweupe, pamoja na mboga za kila namna, hadi yeye mwenyewe aombe kuachwa. Mama hakuona ugonjwa wowote kwa binti yake. Aliona njaa ya chakula cha maana. Basi akakata karoti na viazi vipande vyembamba, akachuma majani ya malenge na managu, akavianika kwenye wavu kila jua lilipokubali kutoka, jambo ambalo kule kwetu mlimani halina ratiba. Akachanganya vyote na njahi kwenye karai, akatia chumvi, akajaza mfuko, akaja kuuweka mezani pangu.

"Baba, tuma hii."

Huniita baba kwa sababu nilipewa jina la baba yake. Ni heshima kubwa, lakini haijawahi kunisaidia tukibishana.

Nilifungua kitabu. Nikamweleza kwa upole, kwa ile sauti ninayowatolea wateja, kwamba humo kitabuni karoti, viazi na majani yaliyokaushwa vinakaa nyumba moja, yaani namba moja. Njahi zina nyumba yao jirani, na zaidi ya hapo wakaguzi wa kule wataziona kuwa mbegu zinazoweza kuota, wazizuie. Chumvi nayo ndiyo mbaya kabisa. Ukishatia chumvi, wote mnafukuzwa mnahamia kwenye supu, na supu ina masharti yake.

"Supu gani? Kwani umeona maji hapo?"

Nilimweleza kwamba mchanganyiko ukitatanisha, kitabu huuliza swali moja tu: ni kitu gani ndani yake kinachoufanya uwe ulivyo?

"Hiyo ni mboga ya mzazi," alisema.

"Ndiyo, mum, lakini ni kitu gani hasa? Ni karoti? Ni managu?"

"Ukitoa moja, si mboga ya mzazi."

"Kitabu hakina namba ya mboga ya mzazi."

Alikitazama kile kitabu kwa huruma. "Basi hiyo kitabu yako haikuzaliwa na mtu."

Hata hivyo alikubali, kwa sababu ya mtoto. Akarudi mlimani, akaanza upya, safari hii bila njahi na bila chumvi. Alipouleta mfuko wa pili niliumwaga kwenye karatasi ili nikague, na juu kabisa nikakuta konzi ya majani ya chai.

"Hii imefikaje hapa?"

"Mfuko ilikuwa na nafasi."

Hapo nilipaswa kukumbuka nimelelewa na nani. Mama yangu hajawahi kutoa chombo chenye nafasi. Bakuli la jirani halirudi tupu, na kiondo kikienda kwa mgonjwa hujazwa hadi mdomoni, kwa chochote kilicho karibu na mkono wake. Ukimwambia inatosha, anatia konzi nyingine kwa hasira. Mfuko nusu, kwake, ni kuwatangazia watu kwamba nyumbani kuna njaa.

Niliyatoa majani ya chai, nikayafunga kwenye gazeti, nikamrudishia. Siku mbili baadaye akarudi na kipande cha tangawizi, "kidogo tu, ya kufunga". Nikaitoa pia. Mwishowe nikaupakia mfuko mwenyewe, nikaufunga mwenyewe, yeye akisimama mlangoni akiiangalia ile nafasi iliyobaki juu kama mtu anayeangalia jiko likizima. Ulikuwa mfuko safi kabisa. Nikapata cheti cha afya ya mimea, nikaandika namba ya mboga kavu zilizochanganywa, na mzigo ukafika bila swali hata moja. Nilijisifu wiki nzima. Hata mwenye duka la chini alichoka kuisikia ile namba.

Jumapili dada alitupigia simu ya video. Mama alikuwa bado na kitambaa cha kanisani, ameishika simu karibu sana hivi kwamba kule ng'ambo walikuwa wanaona paji la uso tu. Dada alikuwa amepika. Akatia kijiko mdomoni, akatafuna.

"Iko sawa, mum," alisema. Kisha akaanza kulia.

"Ni nini sasa? Haijaiva?"

"Imeiva. Ni tamu. Lakini si ya nyumbani. Nimeweka chumvi, nimenunua hata beans za hapa nikachanganya. Kuna kitu haiko. Mum, wewe huwa unaongeza nini mwisho?"

Mama aliigeuza simu ikanitazama mimi.

"Uliza huyu. Mimi nilikatazwa kuongeza."

Niliona aibu, na sikuwa na kitabu cha kujificha nyuma yake. Ningemjibu nini? Konzi ya mwisho haikuwa kitu kimoja. Leo ilikuwa terere, kesho dhania, siku nyingine chochote kilichokuwa kimeanikwa dirishani. Swali la kitabu nilikuwa nimelijibu kwa kutoa jibu lenyewe ndani ya mfuko na kulirudisha kwa mwenyewe likiwa limefungwa kwenye gazeti.

Mfuko wa tatu mama aliuleta ukiwa na nafasi juu, kama nilivyomfundisha, mkoba wake akiwa ameukumbatia. Niliuweka ule mfuko kwenye mizani, nikashika kalamu, kisha nikasema kuna mtu ananipigia, ingawa simu ilikuwa mezani, imezima. Nikatoka, nikaketi kwenye ngazi. Ndani nilisikia mkoba wake ukifunguliwa.

Niliporudi, mfuko ulikuwa umejaa hadi mdomoni na mama alikuwa anaangalia dirishani.

"Ni mboga tu?" nikauliza.

"Ni mboga."

Sikuuliza mboga gani. Nikaupima upya, nikaandika namba ileile.