Barua Isiyouliza Watoto

Binti yangu nilimpeleka Mulongo kwa mama yangu ili aache ziwa. Kwetu ndivyo tunavyofanya: mtoto akikataa kuacha, unampeleka kwa bibi, anakula ugali na samaki, analia kidogo, anasahau, halafu unarudi kumchukua. Nilirudi Kamina maziwa yakinidondokea ndani ya nguo, nikijiambia ni kwa muda mfupi tu. Halafu vita ikakata njia.

Watu walikuja nyumbani kunipa pole. Niliwaambia wabaki na pole yao, waniletee njia. Sikuwa na huzuni mimi, nilikuwa na hasira. Hasira ya kuamka nayo, ya kupika nayo, ya kwenda nayo kanisani. Maziwa yalikauka. Mtoto akaanza kukimbia, akaanza kusema, na vyote hivyo nilivisikia kwa foni, ile redio ya kuitana mbali, kupitia mdomo wa mtu mwingine, na mlio wa upepo katikati. Siku moja muuguzi wa Mulongo, yule aliyeshika foni ya kule, aliniambia kwa furaha: "Mama, mutoto anasema sasa 'mama'!"

Nikauliza, anamwambia nani?

Upepo ukalia. "Anaambia bibi yake," akasema.

Nilikuwa nimemaliza sekondari na vidole vyangu vilikuwa vya haraka, basi ofisi ya kanisa ilinipa kazi ya kuandika. Kwanza niliandika kwa mashini ya utepe, ile inayopiga kelele kama mvua ya mawe. Vita ilipokuja kulikuwa na ordinatere, yaani kompyuta. Iliungwa na foni kwa kisanduku kidogo, foni ikaungwa na waya mrefu juu ya bati, na vyote vilikula umeme wa jua kutoka batri za gari. Unaandika barua, unabonyeza, kisanduku kinaanza kulia kama nyuki ndani ya chupa, na Lubumbashi wanaisoma. Lakini polepole! Barua ya maneno machache tu, ungeweza kumenya mihogo ya chakula cha mchana kabla haijamaliza kupita. Ndiyo sababu sisi sote tuliokuwa na mashini hizo tulibana maneno. Hakuna aliyetuma picha, hakuna aliyetuma kitu kizito. Mwenye kutuma kitu kizito alikuwa anawafungia wengine njia.

Ungeniuliza, kwa nini hamkusema tu kwa sauti? Kwa sababu kwa foni kila mtu anasikia. Ukiwasalimu watu wa Bukama, Mulongo yote inajua. Na wanajeshi walitukataza kabisa kutaja ndege kwa sauti. Salamu, sawa. Wagonjwa, sawa. Ndege, hapana. Mambo ya ndege yaliandikwa kwa mashini tu.

Na mimi nilikuwa nangoja ndege. Kulikuwa na ndege ndogo iliyotoa wagonjwa Mulongo na kuwaleta Kamina, siku ikipata ruhusa. Ndugu mmoja wa ofisi ya Lubumbashi ndiye aliyepanga nani anapanda. Aliniahidi: siku kiti kimoja kikibaki, atatuandikia, na mimi nijibu siku ileile. Nisipojibu, kiti kinaenda kwa mtu mwingine, na ana haki, maana wenye kungoja walikuwa wengi. Basi kila asubuhi nilifungua mashini ile kama mtu anayefungua sufuria akijua hakuna nyama, lakini anafungua.

Asubuhi moja kisanduku kikaanza kulia na hakikunyamaza. Kililia nikafagia ofisi. Kililia nikaenda kuteka maji nikarudi. Mkuu wetu wa ofisi, mwalimu wa zamani ambaye sote tulimwita Papa, alitoka mara mbili kutazama batri. "Hii lazima iko kintu kikubwa," akasema. Moyo wangu ulikuwa umeshapanda ndege.

Mwishoni barua ikaingia. Juu yake jina la ndugu yetu wa Lubumbashi. Chini yake maneno ya Kifaransa, machache, makavu: mise à jour, toleo jipya la programu yenu, imefika, fungueni kifurushi kilichofungwa hapa nyuma, fungueni leo, kwa sababu kesho programu ya zamani itafungwa na barua zenu zote zitapotea. Halafu jina la kampuni kubwa ya huko Ulaya au Amerika, sijui wapi. Basi.

Nilitazama chini. Nilitazama juu. Hakuna kiti, hakuna mtoto, hakuna ndege.

"Fungua basi, mama," Papa akasema. "Banasema ni leo."

"Nani banasema?"

"Si jina yake njo hii hapa juu?"

"Jina iko yake. Maneno haiko yake."

Papa akavuta kiti. Alikuwa mtu wa kusikiliza, hilo simnyimi. "Eleza."

"Papa, huyu ndugu tunamujua. Siku ile bantu banakimbia na magodoro ku kichwa, alituandikia nini kwanza? Aliuliza bana, batoto. Aliuliza kama mvua ilinyesha. Aliuliza kama mihogo ya muke wako ilikauka. Njo akaleta habari ya vita chini kabisa. Leo anatuandikia kama mutu wa polisi?"

"Labda alikuwa na haraka."

"Haraka na kamuzigo kazito vile? Yeye njo alitufundisha kubana maneno! Na hii kampuni, Papa. Nani aliwaambia kama siye tuko Kamina? Serikali yenyewe haijue kama tuko."

Papa alicheka, akajizuia. Programu ile tuliipata kwa diskete ya rafiki wa rafiki, na tulijua wote wawili hakuna mtu Ulaya aliyeandika jina letu mahali popote.

Lakini Papa hakuwa mjinga, na alikuwa na hofu yake. Aliinamia meza, akasema kwa sauti ya chini: "Sikia, mama. Kama iko bongo, ya kutudanganya, hatukufungua, hakuna kitu. Lakini kama iko kweli? Kesho mashini inafunga. Barua ya ndeke haifike. Mutoto wako njo atabaki kule."

Hapo alinigusa mahali penyewe. Nilishika kipanya. Kidole changu kilikuwa juu ya kile kifurushi, na nawaambia ukweli, kilitaka kubonyeza. Miezi mizima nilikuwa nangoja mtu aniambie fanya hivi, na leo amenikuta. Fanya hivi, leo, haraka. Nani alikuwa ameniambia maneno matamu kama hayo tangu njia ikatwe?

Na hapo ndipo hasira yangu ikanisaidia, kwa mara ya kwanza. Maana niliona: huyu anajua naogopa nini. Hajui jina langu, hajui mtoto wangu, lakini anajua kila mwenye mashini anaogopa barua zake zipotee. Anasukuma palepale. Kwa foni tulikuwa tumeshazoea watu wa namna hiyo. Sauti ilitokea siku moja kati ya mawimbi, ikajiita ofisi fulani, ikataka kujua haraka chakula cha wakimbizi kimewekwa wapi. Tulifanyaje? Hatukuijibu. Tulizima, tukangoja saa yetu ya kawaida, tukaita wenyewe ile ofisi tuliyoijua. Ikasema haikuuliza kitu.

"Papa," nikasema, "tumuite. Siye njo tumuite yeye. Saa ya foni ikifika, kwa njia yetu."

"Na mbele ile saa ifike?"

"Hakuna mutu anagusa."

Papa akanyoosha mkono nyuma ya mashini, akachomoa waya, akauzungusha na kuuweka katika mfuko wa koti lake. "Kama ungekuwa ungali ku maji, minyi mwenyewe ningeifungua," akasema. Akaenda nje kutazama batri ambazo hazikuwa na shida yoyote.

Ule mchana mnisamehe sitausimulia. Niliketi. Nilimjibu vibaya mama mmoja wa Base, ile kambi ya jeshi, mke wa askari, aliyekuja kuuliza habari za mume wake, halafu nikamkimbilia barabarani kumwomba radhi.

Saa ya foni ikafika. Papa akashika kinywa cha redio.

"Lubumbashi, Lubumbashi, hapa Kamina. Unatupata?"

Upepo. Halafu: "Kamina, nabapata muzuri! Habari ya kwenu? Bana? Mvua ilinyesha? Na ule mama wa kukasirika angali anakasirika?"

Papa akanigeukia. Sote wawili tulikuwa tunacheka bila sauti, kama watoto shuleni.

"Iko hapa," Papa akasema. "Ndugu, asubuhi hii ulitutumia barua na muzigo nyuma yake?"

Sauti yake iliyorudi haikuwa tena ya kucheka. "Ee Mungu wangu. Ilifika mupaka kwenu? Musifungue! Musiguse! Minyi sikuandika kitu. Ilinifikia jana na jina ya rafiki, nikamuamini, nikafungua. Sasa mashini iko sawa mulevi. Inaandikia bantu bote, na jina yangu. Barua zangu za zamani zinakufa mumoja mumoja."

"Na weye rafiki yako ulimuita mbele ya kufungua?" nilipiga kelele kutoka nyuma ya Papa.

"Mama, usiniue. Nimeshakufa."

Na hapo ikaingia sauti nyingine, nyembamba, ya mbali, ya yule muuguzi, ambayo ningeijua hata usingizini. "Hapa Mulongo. Mulongo inasikia. Ile barua na hapa iko. Nilikuwa nangojea jua ipande, batri ijae, njo niifungue."

Sijui nilimnyang'anyaje Papa kile kinywa cha redio. "Usifungue! Weye, usifungue! Tupa! Chomoa waya!"

"Sawa, mama, sawa! Nasikia! Hata bavuvi ba ku Lualaba banakusikia!"

Kila mtu kwenye mawimbi alikuwa anacheka: Lubumbashi, Mulongo, na watu wengine ambao hatukujua hata wako wapi, waliokuwa wanasikiliza kama kawaida. Siku zote niliichukia foni ile kwa kuwa haina siri. Siku ile nilifurahi. Kila aliyekuwa na mashini na sikio alikuwa ameshapata onyo.

Lakini kama mashini ya Lubumbashi imelewa, nani ataandika mambo ya ndege? Sikuweza kuuliza kwa sauti. Ndugu yule aliuliza mwenyewe, kwa namna yake.

"Mama, ile kintu yako. Unajua ile kintu?"

"Najua."

"Hapa haiwezi kupita tena. Ngojea hapo kwenu. Wakubwa batakuja na karatasi ku ofisi, na Papa na weye njo mutaandikia Mulongo. Mashini yenu iko muzima. Muichunge."

Hivyo kazi ya ndege ikaja mezani kwangu: wanajeshi wanaleta karatasi ya ruhusa, sisi tunaiandikia Mulongo, na Mulongo inatujibu nani anapanda na kiti gani kimebaki. Kile kifurushi tulikifuta bila kukifungua, Papa akikodoa macho kana kwamba kingeruka. Alichukua kipande cha katoni, akaandika kwa mkono wake wa mwalimu na kukitundika juu ya mashini: Kinachotuharakisha, tukiulizie kwa foni kwanza. Vilikuja vingine baadaye, vyenye majina ya watu tunaowapenda, na kimoja, nisadikini, chenye jina la ofisi yetu wenyewe. Tuliita. Tulifuta. Mara moja tuliita na barua ilikuwa ya kweli, rafiki akakasirika kwamba hatumwamini. Papa akamwambia akasirike tu.

Barua ya Mulongo ilikuja asubuhi ya mvua. Kisanduku kililia kidogo, kikanyamaza. Mwanzo wake: habari za hapo, mlivyoamka, watoto, mvua, Papa na mgongo wake, mama wa hasira. Macho yangu yalitaka kurukia chini. Niliyakataza. Nilisoma salamu zote, moja moja, na kila moja ilinihakikishia kwamba ni muuguzi wetu anayeandika. Ndipo chini kabisa: kiti kimoja kimebaki, cha mtoto, atabebwa na muuguzi mwenyewe. Jibuni leo.

Nilijibu leo. Na nilianza kwa kuuliza habari za watu wake wote, Papa akinipigia meza: "Andika ndiyo, mama! Andika ndiyo kwanza!"

Ndege ilishuka, vumbi likatulia, muuguzi akatoka na mtoto mgongoni. Mtoto mrefu. Meno yote. Alivaa gauni ambalo sikulinunua mimi. Nilinyoosha mikono, naye akaficha uso shingoni mwa muuguzi akaanza kulia, akimtaka bibi.

"Huyu njo mama yako," muuguzi akamwambia. "Mwendee."

Hakutaka. Na kwa nini angetaka? Mtu ametokea tu, ana haraka, anajiita mama.

Basi niliketi chini, palepale kwenye majani, nguo ya kanisani na yote. Sikumvuta. Nilianza tu kuuliza. Bibi aliamkaje? Mbuzi wa jirani bado anaingia jikoni? Samaki wanapatikana? Mvua ilinyesha kule? Na yule kuku mweupe anayechechemea, bado yuko?

Uso ukatoka kidogo shingoni. Jicho moja.

"Iko," akasema binti yangu. "Iko na bana."

"Bana bangapi?"

Akashuka mgongoni ili anionyeshe kwa vidole.