Mpishi wa Pilau Aliyeacha Mdalasini

Nilikuwa Manda nikingoja boti ya kuvuka nilipopigiwa simu kwamba yule Bi aliyekuwa akipika pilau za harusi mtaani kwetu Amu, kisiwani Lamu, amefariki kwa maradhi ya moyo, na wameshamzika. Inna lillahi. Wasomaji wangu mtanisamehe: nilichokikumbuka kwanza si pilau yake, ni mdomo wake.

Miaka michache nyuma mdomo wake wa juu ulianza kuvimba. Haukuuma wala kuwasha. Ulivimba siku kadhaa, ukanywea, ukarudi, mwishowe ukagoma kunywea. Aling'olewa jino lisilo na kosa, akameza vidonge vya mzio, akasomewa dua. Watu wakahofu kuambukizwa, na harusi mbili zikaenda kwa mpishi mwingine. Nilipokwenda kumpa pole nilidhani nitamkuta amejifungia kwa haya. "Si mdomo unaonikera, mwanangu," akaniambia kwa Kiamu chake. "Ni kutoyua una nini."

Daktari mmoja kijana ndiye aliyemwomba jambo ambalo wengine hawakuliomba: atoe ulimi. Ulikuwa na mifereji mirefu. Akakiri kwamba ugonjwa anaoushuku ameusoma tu, hajapata kuuona, akamwandikia barua ya kwenda Mombasa. Huko walikata kinyama kidogo cha mdomo wakakipima. Ulikuwa uvimbe nadra unaoletwa na kinga ya mwili yenyewe, usioambukiza. Wakamchoma sindano pale pale mdomoni, wakamshauri pia ajaribu kuacha mdalasini, kwa kuwa kwa baadhi ya wagonjwa huuchochea.

Kumwambia hivyo mpishi wa pilau ni kama kumnyima fundi msumeno. Lakini aliacha kuutia mdomoni, ingawa sufuriani aliendelea kuutia. Chumvi ikaonjwa na dada yake, viungo akavipima kwa pua, na wala hatukugundua tofauti. Mdomo ulipopungua, alifanya jambo ambalo hakuna aliyemtuma: alikunywa kikombe kimoja cha chai ya mdalasini, akangoja. Siku ya pili ukavimba. Aliniita nikauone, uso umemchangamka. "Sasa nimeyua," akasema.

Haukupona kabisa; ulibaki mnene kidogo upande mmoja. Harusi zilirudi.

Sisi tuna haraka ya kuupa kila ugonjwa jina, husuda leo, mzio kesho, na tukishaupa jina tunaacha kuuliza. Siku nitakayougua mimi, namwomba Mungu anikutanishe na mtu awezaye kusema "sijui", kisha akavuta kiti karibu.