Mstari Mfupi Kuliko Yote

Sisi tuliokulia Nyarugusu ya machimbo ya dhahabu tunajua kwamba shule ya Jumapili haikuwa na mzaha. Usiposema mstari wa moyo, hupati kipande cha muwa. Basi nusu ya darasa tulikuwa na mstari mmoja, ule mfupi kuliko yote: "Yesu akalia machozi." Unasimama, unaufyatua, unanyoosha mkono. Watoto wa leo wanadhani uvivu wameuvumbua wao.

Jumapili moja mwalimu wetu, jirani yetu Mama Kulwa aliyeuza maandazi machimboni, akanizuia nisiketi.

"Minza, Yesu alijua atamfufua Lazaro sasa hivi. Alilia nini?"

Akanipa wiki moja, akaniambia niitazame ile "ka" iliyo katika "akalia". Ka haiji bure, alisema, lazima kuna jambo limeitangulia. Nisome mistari ya juu. Nikasoma. Nikakuta Mariamu, dada wa Lazaro, analia, na waliofuatana naye wanalia. Bado sikuona jibu. Nilimwuliza baba, akasema wanaume hulia wakiingiwa na vumbi, akaenda zake kazini.

Alhamisi duara likatitia, lile shimo la dhahabu alilokuwa akichimba baba. Habari zilipofika, mama akakaa chini uani akilia. Mara Mama Kulwa akaja mbio kutoka machimboni, mikono imejaa unga. Alipomwona mama pale chini, akaketi naye vumbini, akamkumbatia, akalia kutushinda sisi. Nikajua sina baba tena.

Kilipita kitambo ndipo Mama Kulwa akafuta uso kwa kanga.

"Mama Minza, mumeo mzima. Wamemtoa, ni mkono tu umevunjika."

Mama alimsukuma, akacheka, akalia tena, kisha akamgombeza: habari hiyo alikuwa nayo muda wote? Mama Kulwa akasema kwa haya kwamba amemkuta mwenzake analia, angefanyaje.

Jumapili nilisimama na jibu langu.

"Alimkuta Mariamu analia, angefanyaje."

Darasa likacheka. Mama Kulwa hakucheka. Alinikatia muwa wa pingili tatu.

Siku hizi Biblia iko kwenye simu, wanangu wanaufikia mstari kabla sijamaliza kuutaja. Msiba ukitokea, kundi la mtaa humo simuni linajaa vikatuni vinavyotiririka machozi. Nami hutuma vitatu, nikarudi kwenye shughuli zangu. Enzi zetu, ili ulie na mtu, ilibidi kwanza ufike kwake.