Aliyeshinda ni Ufini

Nilikuwa na miaka ishirini na sita nilipoanza kazi katika kituo cha televisheni cha jimbo, hapa Lubumbashi. Kazi yangu ilikuwa kuonekana. Kila jioni nilikaa mbele ya kamera, nikasalimu kwa Kifaransa kisha kwa Kiswahili, nikaeleza kipindi kitakachofuata, nikatabasamu mpaka taa nyekundu izimike. Kule Bel-Air nilikokaa na mama yangu, wanawake walizijua nywele zangu kabla ya kulijua jina langu.

Aliyeendesha mitambo alikuwa mzee mmoja niliyemwita Papa, kama tulivyomwita wote pale studio. Baba yake aliletwa kutoka Kasai kujenga reli, naye mwenyewe alizaliwa Lubumbashi, akasomea Lubumbashi, akamzika mke wake Lubumbashi. Alikuwa mtu wa maneno machache isipokuwa juu ya jambo moja: yale mashindano ya nyimbo ya Ulaya ambayo kila nchi hutuma mwimbaji, halafu nchi zote hupigiana simu kupeana pointi. Mtawa mmoja Mbelgiji aliyefundisha muziki alikuwa akitumiwa kaseti za video na kaka yake kila mwaka, na akishazitazama humpa Papa. Papa alizipanga kwenye kabati la chuma, kila moja na karatasi yake.

Mchana, kabla ya matangazo kuanza, alinifundisha historia yake. Yalianza miaka kumi na moja baada ya vita vyao vikubwa, akasema, nchi saba tu, ili waone kama televisheni za nchi nyingi zaweza kuunganishwa na watu wote wakatazama kitu kimoja kwa wakati mmoja. Mwaka mmoja nchi nne zilishinda kwa pamoja kwa sababu hakuna aliyekuwa ameandika sheria ya kuwatenganisha. Afrika ilikwenda mara moja tu: Moroko, ikawa karibu ya mwisho, haikurudi tena. Hilo lilimgusa sana. Alikuwa akirudisha kaseti nyuma ili nimwone yule mwimbaji wa Moroko akiondoka jukwaani.

Mimi sikupenda zile nyimbo. Nilichopenda, na kilichonitia baridi, ni pale mtangazaji alipoanza kuita nchi moja moja kwenye simu. Aliita, kukawa kimya, halafu sauti ya mtu asiyeonekana ikajibu kutoka mbali.

Kisha ukaja mwaka wa uporaji. Askari hawakuwa wamelipwa kwa miezi, wakatoka kambini wakaufungua mji kama mtu anavyofungua kopo. Siku ya pili nilikwenda kazini kwa miguu kwa sababu gari la kituo halikuja. Barabara zilijaa vitu visivyokuwa mahali pake: beseni la kuogea katikati ya njia, mafaili ya kampuni ya migodi yaliyomwagika mpaka kwenye mtaro, piano imelala ubavu. Watu sikuwaona. Nilisikia tu bati likigongwa mahali fulani, taratibu, bila kukoma.

Mlinzi wa geti alikuwa amekimbia. Ndani nilimkuta Papa peke yake. Mkurugenzi alikuwa amepiga simu kusema tuweke muziki, muziki wowote usio na maneno ya siasa, na tusiseme kitu. Papa alikuwa ameweka mashindano.

Waliingia alasiri, askari saba. Wawili walibeba feni na zulia lililokunjwa. Aliyewaongoza alikuwa sajini mwembamba, macho mekundu ya kukosa usingizi. Walikuja kuchukua mashine, hilo lilikuwa wazi. Lakini ile skrini kubwa ya chumba cha mitambo ilikuwa ikiwaka, na sajini akasimama mbele yake.

"Hii njo nini?"

"Mashindano, chef," Papa akamjibu, akimwita mkubwa kwa Kifaransa. "Inchi zinaimba, kisha zinapana points."

"Yetu iko?"

"Yetu haiko."

Sajini alifikiri. Akasema basi watachagua moja. Wakakalia lile zulia, bunduki mapajani, wakatazama. Mimi nilisimama ukutani kwa sababu hakuna aliyeniambia nikae. Waliwatazama wale Wazungu wa nguo za kumetameta, mmoja baada ya mwingine, wala hawakucheka. Alipotokea mwimbaji wa Ufini, mwanamke mrefu aliyeimba kwa lugha ambayo hakuna aliyeijua, sajini aliinua mkono wenziwe wanyamaze.

"Huyu njo wetu," akasema. "Anaimba sawa muntu mwenye anaita muntu mwenye alishakufa."

Walikaa mpaka nyimbo zikaisha. Walikaa simu zilipoanza kupigwa. Kila nchi ilipoitwa nilisikia pumzi zao zikisimama, na nje bado lile bati likigongwa. Ufini haikupata pointi kutoka nchi ya kwanza, wala ya pili, wala ya tatu. Nilimwona mmoja wao akikaza mkono kwenye bunduki. Halafu, zikiwa zimebaki nchi tano, kaseti ikaisha. Skrini ikawa nyeupe, inachemka.

Sajini hakugeuka. Aliendelea kuutazama ule weupe.

"Nani alishinda?"

Papa alivua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa.

"Finlande, chef. Finlande njo alishinda."

"Nilijua," sajini akasema.

Wakainuka, wakakunja zulia lao, wakachukua feni yao, wakatoka. Hawakugusa hata waya. Nilimuuliza Papa kama ni kweli. Akasema hapana, Ufini ilikuwa ya mwisho mwaka ule. Nilitaka kumshukuru, lakini uso wake haukuwa wa mtu aliyeokoka. Alisema amempa mtu mwenye bunduki ushindi usiokuwepo, na hajui ataupeleka wapi.

Kituo chetu kilibaki kizima katika mtaa uliokuwa umevunjwa wote, na mkurugenzi aliporudi akaona tumepata dawa. Kuanzia hapo, kila kulipotokea jambo na amri kutoka Kinshasa haijafika, alituambia tuweke mashindano. Waziri akifukuzwa, mashindano. Pesa zikibadilishwa ghafla, mashindano. Wanafunzi wakipigwa risasi, mashindano. Mimi nilitokea dakika moja, nikatabasamu, nikasema sasa tutazame muziki.

Mji ulijifunza haraka. Siku moja nilikwenda soko la Kampemba kununua samaki wa kukaushwa wa Kasenga kwa mwanamke niliyemzoea. Aliponiona alivuta kitenge akamfunika mtoto wake uso. Akaniuliza kwa upole, kama anayeuliza bei:

"Leo iko nani amekufa?"

Nilimwambia sijui kitu, mimi ni mtangazaji tu. Alinifungia samaki bila kunitazama. Nyumbani mama yangu naye alianza kuniomba nimwambie mapema, siku ambazo tutaweka zile nyimbo, ili asiende mbali. Nilikasirika. Lakini usiku ule nilipojipaka mafuta mbele ya kioo nilitabasamu lile tabasamu la kazini, nikaona kwamba hata mimi lingeniogopesha.

Baada ya hapo ikaja zamu ya watu waliotoka Kasai. Ilianza kwa hotuba, ikawa nyimbo za vijana barabarani, ikawa nyumba kuchomwa. Watu waliozaliwa hapa, ambao Kasai walikuwa hawajawahi kuiona hata kwa macho, waliambiwa warudi kwao. Wiki nzima ile tulitangaza mashindano, na aliyekuwa akibonyeza kitufe ni Papa, akijua vizuri kinachofunikwa. Siku ya Ijumaa hakuja. Nilipokwenda kwake nilikuta mlango umetolewa, na mwanamke nisiyemjua anapika uani. Akanijibu kwamba mwenye nyumba yuko gare, kwenye kituo cha gari moshi.

Gare ilikuwa imejaa. Maelfu ya watu walikuwa wakisubiri gari moshi lisilokuja, wamelala juu ya magodoro na kabati zao, wengine kwa miezi. Nilimkuta Papa chini ya ukuta wa bohari, ameketi juu ya sanduku. Nilikuwa nimemletea bukari, ugali wetu wa huku, na mboga. Alikula kidogo, akampa jirani. Hakulalamika. Alinieleza kwamba kaseti ya mwaka ule ilimfikia siku chache kabla hajafukuzwa, ameiacha kwenye kabati, hajaitazama. Alisikia redioni kwamba nchi mpya iliyotoka ndani ya Yugoslavia, ambayo mji wake mkuu ulikuwa umezingirwa na vita, ilituma mwimbaji. Kuimba ni rahisi, akasema. Alichotaka kujua ni kama mji ule ulijibu simu.

Mbele ya gare kulikuwa na baa yenye televisheni. Angeweza kuisikia kutoka dirishani.

"Uiweke Jumamosi, mama. Hata bakikukataza."

Sikuwa nimewahi kumkaidi mkurugenzi. Jumamosi ile hakukuwa na tukio lolote jipya, na alikuwa ameagiza mpira. Niliiweka. Nilikaa peke yangu chumba cha mitambo saa tatu nzima, simu ya ofisini ikilia mara kwa mara. Nilijua ni watu wanaouliza kumetokea nini, sikuipokea. Zilipofika pointi, mtangazaji aliuita ule mji. Kukawa na mngurumo, kama mvua juu ya bati. Akaita tena. Halafu, mbali sana, chini ya ule mngurumo, sauti ya mtu ikasema halo. Ukumbi mzima wa Ulaya ukapiga makofi. Kwenye vioo vya chumba kile niliona midomo yangu inajibu.

Nilifika gare Jumatatu. Chini ya ukuta wa bohari hapakuwa na mtu. Mwenye baa alinisimulia. Wakati ile sauti ilipotoka kwenye televisheni, wale waliokuwa karibu na dirisha walisimama. Walidhani wanaitwa. Walio nyuma yao wakawaona wakasimama pia, mpaka gare nzima ikawa imesimama, mizigo vichwani, watoto migongoni, nyuso zote zimeelekea relini ambako hakukuwa na kitu. Walisimama hivyo zaidi ya saa moja.

"Na gari likakuja asubuhi," akasema. Kisha akaingia ndani, kama aliyechoka nami.

Mkurugenzi hakunifukuza. Niliondoka mwenyewe mwisho wa mwezi. Sikuweza tena kutabasamu kwa amri, na mama alifurahi. Nikafungua chumba cha kushona nguo pale pale Bel-Air.

Habari za Papa zilinijia mara mbili. Mara ya kwanza ni mama mmoja aliyepanda gari lile lile na kurudi miaka kadhaa baadaye kutafuta nyumba yake. Alisema mzee wa miwani alifariki ndani ya behewa kabla ya Kamina, wakamzika kando ya reli, na yeye mwenyewe alishika kona moja ya shuka. Mara ya pili ni mfanyabiashara wa Butembo aliyeuza bidhaa kwa jumla Kampemba na kupeleka malori mpaka Mwene-Ditu, huko Kasai. Aliniambia, bila mimi kumuuliza, kwamba kule alipeleka redio yake kwa fundi mmoja mzee aliyewahi kutumika televisheni ya Lubumbashi. Nilihesabu. Ilikuwa baada ya ule mwaka ambao mzee wa behewa alizikwa.

Nilimuuliza alikuwa anafananaje. Akasema hakumwona vizuri, chumba kilikuwa na giza. Mzee alikaa katikati ya televisheni nyingi zilizowashwa, zote nyeupe, hakuna picha wala sauti, na alipoulizwa anatazama nini alisema anangoja.

Nikanunua kwake vitambaa nilivyovijia, nikarudi nyumbani kwa miguu.