Kidole cha Waisiko

Hapa Machochwe huvuki mto masika bila kumwuliza Waisiko. Atachuchumaa ukingoni, amimine maziwa taratibu kutoka kwenye kibuyu, atazame. Yakinyooka majini kama uzi, mto umetulia, vuka. Yakikatika na kujisokota, mto una fujo, rudi nyumbani. Mwenyewe husema kuna kiboko alimngoja mpaka jua la utosi ampimie, akamshukuru kwa kuinamisha kichwa. Anayebisha akamwulize kiboko.

Asubuhi ile wifi yake Felista, dada wa marehemu mumewe, alikuwa anarudi kwake Nyansurura, ng'ambo ya mto. Nyumba ya Waisiko, tangu msiba, haina wa kucheka naye. Basi alipomimina maziwa, akachezesha kidole cha mguu majini, juu kidogo ya pale yalipoangukia. Uzi ukavurugika.

"Mto umekasirika, wifi. Lala na leo."

"Basi nichemshie chai nyingine," Felista akasema, akageuka.

Walikuwa bado wanacheka simu ilipolia. Rhobi, binti wa Felista, ameshikwa na uchungu wa mimba ya kwanza, anamtaka mama yake. Felista akaketi chini.

"Na mto umekasirika," akasema. Hata hakuwa analaumu.

Kule mto unakotoka, mawingu yalikuwa yanatanda meusi. Waisiko akaweka kikombe chini, akachukua kibuyu.

"Twende nipime tena."

Safari hii kidole alikiweka mbali. Lakini mkono ulimtetemeka, maziwa yakaanguka kwa kurukaruka, uzi ukakatika. Akarudia, vilevile. Hakujua ni mto au ni yeye.

"Bado?"

"Wifi, asubuhi kilikuwa kidole changu. Sasa ni mkono. Mimina wewe."

Felista alimkazia macho, kisha akachukua kibuyu. Mkono wake haukutikisika. Maziwa yakanyooka, meupe, hadi kwenye mawe ya kuvukia. Akakunja kitenge, akavuka bila kuaga. Waisiko alibaki amesimama palepale mpaka mvua ikamkuta.

Jioni simu ikalia. Mtoto wa kiume, mzima. Alishalia kabla bibi yake hajafika mlangoni. Waisiko akaketi kizingitini, simu sikioni.

"Upo?" Felista akauliza.

"Nipo, wifi."

"Jumapili njoo umwone mjukuu wako. Ila uje umevaa viatu."