Mstari Wenye Jibu

Juzi mwanafunzi wangu alikwama kwenye swali la ufahamu, nikakumbuka mchana mmoja wa utotoni nyumbani kwa shangazi, mtaani Ipuli. Koti la mumewe lilining'inia ukutani, likinuka tumbaku. Mwenyewe alikuwa ameenda kulima tumbaku Usinge, mwaka wa pili sasa. Mimi niliamini ni mavuno tu yanayomchelewesha.

Kwa shangazi hukuruhusiwa kujibu mpaka uweke kidole kwenye mstari wenye jibu. Siku hiyo tulisoma hadithi ya mpagazi aliyemuaga mkewe akaondoka na msafara.

"Kwa nini hakurudi?" aliuliza, rula mkononi.

Nilipitia ukurasa mzima. "Shangazi, haijaandikwa."

"Tafuta."

Alilitupia jicho lile koti ukutani, kisha akanigeukia. Nikafumba macho, nikisubiri kuchapwa. Rula haikushuka. Nilipofumbua, alikuwa amekivuta kitabu upande wake, kidole chake kikipita mstari kwa mstari.